Jua la Mombasa halingoji mtu: nilivyoipata ile Q400 ya magharibi

Kuna kijana wa Likoni kanitumia meseji juzi baada ya kuona ile picha yangu ya Q400 ya Jambojet, ile ndege ya propela mbili, ikiingia kutua uwanja wa Mombasa wakati wa magharibi, aniuliza "kaka, umeset vipi na hiyo kamera ni bei gani". Nimeona nijibu hapa hapa manake najua wengi wenu mwaitaka picha kama ile, lakini siwezi kutaja namba tu bila kuwaeleza yaliyonifika.

Miaka mitatu nyuma nilichapisha picha kubwa ya ndege ya propela, mbingu nyekundu, minazi chini, nikaitundika kwenye maonyesho madogo ya vijana hapa mjini. Nilijiona nishafika. Akapita mzee mmoja aliyefanya kazi za ndege miaka mingi, akaitazama kidogo tu akasema kwa sauti mbele ya watu wote, na mamangu yuko pale, "ndege hii injini zimezimika, yataka kuanguka." Watu wakacheka. Mamangu hakucheka. Nikarudi nayo nyumbani nikaifunika leso nikaitia nyuma ya kabati, na wallahi hadi leo nikikikumbuka kile kicheko moyo wanichoma, kwa sababu mzee alisema kweli. Nilipiga shata, yaani muda kamera inavyoachia mwanga uingie, 1/1000 ya sekunde, mapanga ya propela yakaganda, kila moja limesimama kivyake kama feni iliyokatikiwa na stima.

Ndio nikakaa nikapiga hesabu. Propela ya Q400 ina mapanga 6, na ikiwa kasi kamili yazunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani 17 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/100 kila panga lafika pale lilipokuwa la jirani yake, na hapo ndipo unapata duara zima linalong'aa. Rubani akipunguza mzunguko wakati wa kutua, wewe nawe shuka hadi 1/80. Hiyo ndiyo setting, kijana wangu, lakini 1/80 na lenzi ndefu bila mazoezi utapata uji tu! Mimi nilijifunzia kwa matatu za Magongo, kuzifuata na kamera zikipita, jioni baada ya jioni, viwiko vimebana mbavu, kiuno ndicho kinachozunguka, kidole kinaendelea kubonyeza hata gari lishapita. Watu wa stejini walinijua.

Halafu mwanga. Sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, jua huzama wima, ukisikia adhana ya Magharibi una kama dakika 20 hivi kabla giza halijaingia. Ukifika saa kumi na mbili na nusu ushachelewa. Kwa hivyo fika mapema, na ujue upepo, manake ndege hutua ikiukabili: msimu wa Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, nyingi zaja juu ya maji ya Port Reitz na hapo jua la jioni liko karibu nazo, Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika zageuza zaja kutoka upande wa Jomvu. Niliwahi kukaa jioni tatu upande usio wake, sikupata kitu.

Alfajiri ni nzuri vilevile, lami bado baridi, lakini saa tatu joto likipanda picha zote zachemka kama unapiga ndani ya sufuria. Na kamera usiilaze chumba chenye AC, ukitoka nayo nje lenzi yapiga mvuke na ndege hiyoo ishapita.

Jambo jingine nasema kwa uchungu. Acheni kujibanza kwenye ua wa uwanja. Uwanja wa ndege ni sehemu inayolindwa kisheria, mtu mmoja akikamatwa tunafukuzwa sote. Simama mbali, omba ruhusa kwa mwenye shamba, na ukiambiwa hapana, itikia ushike njia. Fika mapema, omba ruhusa, fanya mazoezi, fika mapema, nitarudia hata mkichoka kunisikia. Heshima hii hamna mtu alonipa bure.

Ijumaa iliyopita duara zote mbili za propela zilitoka zima, taa za ndege zawaka, mbingu kama embe bivu. Katika picha 40 nilipata 2. Moja nimeichapisha, na mamangu ndiye aliyechagua ukuta.

Kamera ni ya mtumba, lenzi ni ya milimita 70-300. Jumamosi niko Port Reitz saa kumi na moja jioni, ukitaka njoo.