Maswali ya Wasomaji: Picha Nyuma ya Maneno

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Siku ya wazazi niliwasilisha mada kuhusu mikoko na mmomonyoko wa fukwe. Nilitumia picha niliyoipiga mwenyewe, yenye mikoko, maji yaliyokupwa na jua la alfajiri likichomoza baharini, nikaifanya kuwa mandharinyuma ya slaidi zote na kuandika juu yake kwa herufi nyeupe. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza mno, lakini ukumbini waliokaa nyuma ya safu ya tatu hawakuweza kusoma chochote, ikanilazimu niwasomee kila mstari kwa sauti. Nifanye nini ili slaidi zangu zipendeze na pia zisomeke?

Jibu: Pole sana, Mwalimu. Picha yako haina kosa, wala macho ya wazazi hayana kosa. Skrini ya kompyuta inaweza kuzuia mwanga wake na kukuonyesha weusi uliokolea, ilhali projekta kazi yake ni kurusha mwanga tu na haina namna ya kurusha giza. Kwa sababu hiyo, kila sehemu iliyo nyeusi kwenye slaidi yako huonekana ukutani kwa rangi ambayo ukuta wenyewe unayo saa hiyo, na ikiwa madirisha ya ukumbi yako wazi mchana, weusi huo huwa kijivu cha kupauka. Tofauti kati ya herufi na kilicho nyuma yake, ambayo mezani kwako ilikuwa kubwa, ukumbini ilibaki kidogo mno.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo ambayo watengenezaji wengi wa slaidi huisahau. Jicho huitambua herufi kwa kufuata kingo zake, na picha ya mikoko imejaa kingo: mizizi iliyopandana, majani, matundu ya kaa kwenye tope, mimeto midogo ya maji. Herufi zako zilikuwa zikishindana na mizizi hiyo mstari kwa mstari. Juu ya anga jeupe la alfajiri mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa hapo weupe uliandikwa juu ya weupe.

Kabla ya kukujibu nilitengeneza slaidi inayofanana na yako, nikairusha kwenye ukuta wa darasa saa nane mchana, kisha nikaenda kukaa nyuma kabisa. Juu ya picha nilikuwa nimechora umbo la mstatili linaloifunika yote, nikalipaka rangi ya buluu iliyokaribia weusi, nikaondoa mstari wake wa pembeni, nikalipa uangavu, yaani kiasi ambacho umbo linaruhusu kilicho nyuma yake kuonekana. Kwa uangavu wa asilimia 70 maneno yaliyokuwa juu ya anga bado yalipotea. Nilipoushusha hadi asilimia 40 yalisomeka, na mikoko iliendelea kutambulika kuwa ni mikoko. Usiichukue namba hiyo kama amri, kwani picha yenye giza tangu awali huhitaji kifuniko chepesi zaidi. Anza hapo, kisha urekebishe ukiwa umesimama nyuma ya chumba.

Ukitaka picha ibaki wazi upande mmoja, upake mstatili huo rangi inayofifia badala ya rangi moja: upande wa kushoto, panapokaa maneno, uangavu uwe asilimia 10, na upande wa kulia uwe asilimia 100. Picha itaonekana kama inajitokeza polepole kutoka kivulini. Mbinu hii ninaipenda kuliko nyingine zote, maana haiharibu picha na haichukui dakika tano. Njia nyingine ni kuitia picha ukungu kwa kutumia athari za kisanaa zilizomo katika PowerPoint, programu ya kutengenezea slaidi, ambazo huondoa kingo na kubakiza rangi. Ufuo wa mchanga au maji yaliyotiwa ukungu huwa mandharinyuma tulivu sana. Unaweza pia kuigeuza picha yote kuwa ya rangi moja, kwa mfano kijani kibichi kilichokolea, ili wekundu wa jua usilivute jicho mbali na maneno.

Tazama kanga yoyote iliyo karibu nawe, Mwalimu. Pindo limejaa nakshi, mji, yaani sehemu ya katikati, umejaa maua au mikorosho, lakini jina, yaani maneno ya kanga, haliandikwi ovyo juu ya maua: limetengewa kisanduku chake chenye rangi moja, na ndiyo maana linasomeka hata aliyelivaa akiwa anatembea. Mchoraji wa kanga hakuogopa urembo, ila alijua maneno yakae wapi. Katika slaidi, kisanduku hicho kinaweza kuwa utepe wa rangi moja chini ya picha, nao ni suluhisho la heshima kabisa kwa mtu asiye na muda wa kuchezea uangavu.

Nina jambo moja zaidi ambalo hukuliuliza, lakini naliona ndilo kubwa. Picha yako ya mikoko ni ushahidi wa mada yako. Inaonyesha mizizi iliyobaki hewani baada ya udongo kuchukuliwa na maji, na mzazi akiiona vizuri atauelewa mmomonyoko kabla hujatamka neno. Picha ya namna hiyo haifai kuwekwa nyuma ya maneno. Ipe slaidi yake peke yake, ijae pembe hadi pembe, bila hata kichwa cha habari, nawe usimame uieleze. Kwa mandharinyuma ya slaidi zenye maneno tumia kipande kisichosema mengi, kama tope lililo laini au anga, au uache rangi moja tu. Kipande hicho kiweke mara moja tu katika slaidi kuu inayotawala nyingine zote, ambayo utaipata kwenye menyu ya View palipoandikwa Slide Master, ili usirudie kazi ileile kwenye kila slaidi.

Kuhusu rangi, taasisi ya W3C, inayoweka viwango vya tovuti, inataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake usipungue 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa yasipungue 3 kwa 1. Nyeupe juu ya nyeusi ni 21 kwa 1. Manjano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya skrini, kwa hiyo ukutani ongeza zaidi.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Eldoret. Picha ninazoweka kwenye slaidi ama huonekana kama zimevunjikavunjika, ama hulifanya faili liwe zito hadi barua pepe inalikataa. Kipimo sahihi ni kipi?

Jibu: Kwa slaidi pana ya uwiano wa 16 kwa 9, picha ya pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080 inatosha kuijaza yote kwenye projekta nyingi. Picha ya simu ya megapikseli 12 huwa na takriban pikseli 4000 kwa 3000, ambazo ni karibu mara sita ya unachohitaji. Picha kumi za namna hiyo ndizo zinazolilemea faili lako. Tumia amri ya kubana picha iliyomo ndani ya programu, ukiiruhusu ifute pia sehemu ulizozikata. Picha zinazovunjika mara nyingi zimepitia WhatsApp, ambayo huzipunguza. Mwombe aliyekutumia aitume upya kama faili la hati. Tena, picha ya simu ina uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo usiinyooshe ijae slaidi, maana watu na minara vitaonekana vimenenepa. Ikuze kwa kuvuta pembe yake, halafu ukate kinachozidi juu na chini.

Swali: Je, ninaruhusiwa kutumia picha yoyote ninayoikuta kwenye intaneti?

Jibu: Hapana. Picha ina mwenyewe hata kama jina lake halionekani. Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zinazoruhusiwa kutumika, ina picha nyingi za pwani yetu, zikiwemo za Mji Mkongwe na Lamu, na chini ya kila picha pameandikwa leseni yake. Leseni ya CC BY, yaani Creative Commons ya kumtaja mwenye kazi, inakuruhusu kuitumia na hata kuifunika kwa mstatili nilioueleza hapo juu, ilimradi umtaje mpiga picha, utaje leseni yenyewe na useme kwamba umeibadilisha. Mstari mmoja wa herufi ndogo kwenye pembe ya slaidi, au katika slaidi ya mwisho, unatosha.