Chihuahua kwa nyumba yenye mtoto mdogo?

Dada, umesema upo Nyegezi, una mtoto wa miaka 3, na unataka Chihuahua, yule mbwa mdogo sana, awe rafiki wa mtoto na mlinzi wa usiku. Kwa ulinzi, hapana. Kubweka atabweka sana na utaamka, lakini mbwa wa kilo 2 au 3 hamzuii mwizi.

Ninachokihofia zaidi ni huyo mtoto. Mifupa ya Chihuahua ni myembamba mno. Akiponyoka mikononi akaangukia sakafu ya saruji, mguu unaweza kuvunjika. Wengi wao utosi haufungi hata wakikua: ukimpapasa kichwani kwa kidole unasikia sehemu laini isiyo na mfupa. Akibanwa vibaya atauma, kwa woga tu maskini.

Uani pia usimwache peke yake. Mwewe kama wale wanaonyakua samaki pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanaweza kumrukia na kumjeruhi kitoto cha mbwa cha nusu kilo. Akiwa mdogo hivyo anatakiwa ale kidogo kidogo, mara 4 kwa siku, maana sukari hushuka haraka akikaa na njaa. Miiba ya sato asipewe kabisa. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, hata kama analala ndani.

Ungekuwa unaishi peke yako chumba na sebule ningekwambia mchukue, ni mbwa mwenye mapenzi mno na anaweza kufikisha miaka 15. Kwa sasa tafuta mtoto wa mbwa wa kienyeji, akue pamoja na mwanao.