Jibu: Pedali ya breki kuzama kwenye mteremko wa Iten

Assalaam aleikum, ndugu yangu. Umesema gari lilitoka Malindi likiwa sawa, ukazifurahia kona za kushuka kutoka Iten hadi Bonde la Kerio, lakini ulipofika Tambach pedali ya breki ikazama, na uliposimama kwa muda ikarudi kuwa ngumu.

Nami yalinipata yayo hayo kwenye mteremko huohuo. Kabla ya kununua pedi mpya, angalia mafuta ya breki. Yangu, nilipofungua kifuniko, yalikuwa meusi kama kahawa chungu. Mafuta hayo hunyonya unyevu, nao kwetu pwani haukosekani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155, na mguu ukabaki kukandamiza mvuke. Mwambie fundi ayatoe yote, gurudumu baada ya gurudumu, asiyaongeze tu juu.

La pili, uniwie radhi, ni mguu wako, kwani huku kwetu hatuna mlima wa kutufunza. Kabla ya kona punguza gia, kanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi gari likiwa bado limenyooka, iachilie, kisha ongeza mwendo unapotoka. Utamu wa barabara ile umo humo, si katika kuikalia breki njia nzima.

Gari lako sijaliona, kwa hiyo ikiwa pedali inazama hata kwenye tambarare ya kwenda Mambrui, usiliendeshe, kwani huenda kuna mahali panapovuja.