Maswali ya Wasomaji: Kukabidhiana Wahusika wa Mchezo wa Mtandaoni

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka mitaa mitatu ya Nairobi, na zote zinauliza ni nini hasa hupokewa pale mchezaji mmoja anapompa mwingine mhusika wake. Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe: wachezaji hukutana kwenye tovuti, kila mmoja akajisajili kwa jina la mhusika, kisha wakaandika kwa zamu anayoyasema na kuyatenda mhusika huyo, hadi hadithi ikajengeka. Si jambo geni. Mwaka 1978, Roy Trubshaw na Richard Bartle walikwisha kuunda katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu ambao watu kadhaa waliweza kuucheza kwa pamoja, na mitindo mingi ya leo imechipuka hapo.

*Mhariri, pokea salamu kutoka Buruburu. Mimi ni msimamizi wa kikundi cha wachezaji wapatao 40. Kwa miaka minne tumekuwa tukiandika, kwenye tovuti yetu wenyewe, hadithi ya mji wa bandari wa kubuni, na kila mhusika ana akaunti yake. Mwezi uliopita mwenzetu aliyepata kazi mbali na Nairobi alimtumia rafiki yake nywila ya akaunti ya Nahodha Shali kwa WhatsApp, bila kutuarifu. Siku ya tatu tu, mpokeaji akataja mbele ya wote jambo ambalo mchezaji mmoja alikuwa amemwandikia mwenye akaunti faraghani, kuhusu ugonjwa wa mama yake. Sasa nusu ya kikundi wanataka kukabidhiana wahusika kupigwe marufuku, na nusu wanasema mhusika ni wa aliyembuni, naye ana haki ya kumpa amtakaye. Tufuate upande upi? – Msimamizi, Buruburu*

Ndugu Msimamizi, aliyewahi kushiriki tamasha za drama za shule analijua jibu la swali lako bila kufundishwa. Mwanafunzi aliyeigiza Liwali akimaliza kidato cha nne, kanzu ya Liwali hubaki katika stoo ya shule na mwaka unaofuata huvaliwa na mwingine. Lakini kabla ya kuirudisha huipekua mifuko, akatoa nauli yake, barua zake na chochote alichokuwa amekificha humo. Mwenzenu aliikabidhi kanzu pamoja na mifuko yake. Marufuku mnayoifikiria itaizuia kanzu isivaliwe tena, ilhali kilichowaumiza kilikuwa mfukoni.

Ujumbe wa faragha una watu wawili, aliyeandika na aliyeandikiwa, na idhini ya mmoja haitoshi kumfungulia wa tatu. Huyo aliyeandika kuhusu mama yake hakumwandikia Nahodha Shali, alimwandikia rafiki aliyekuwa nyuma ya Shali. Kwa hiyo ninyi wasimamizi mna wajibu wa kumwomba radhi, hata kama si ninyi mliotoa nywila, kwa kuwa tovuti ni yenu na hamkuwa mmeweka utaratibu wowote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi data binafsi za watu azilinde zisimfikie asiyestahili, nayo habari ya afya inaihesabu miongoni mwa data nyeti. Sidhani kama kikundi cha marafiki 40 kitaitwa mbele ya Kamishna wa Data kwa jambo hili, lakini kipimo cha sheria ni kipimo kizuri hata pale ambapo hakuna anayekishika.

Sasa nirudi kwa hoja ya upande wa pili, kwamba mhusika ni wa aliyembuni. Hapo nawaunga mkono kwa sehemu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inayalinda maandishi, wala haihitaji yasajiliwe kwanza ili yalindwe. Kila alichokiandika mwenzenu katika miaka hiyo minne ni kazi yake. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba hakimiliki haihamishiki mpaka kwa maandishi yaliyotiwa saini na anayeihamisha au kwa niaba yake, na kwamba haki ya mtunzi ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeandika haihamishiki kabisa akiwa hai. Kwa maneno mengine, kutuma nywila kwa WhatsApp hakukumfanya rafiki yake kuwa mwandishi wa sura hata moja ya zamani. Lakini si kila mhusika amebuniwa na mtu mmoja. Katika miji ya kubuni kama wenu huwapo Liwali, Kadhi, mkuu wa forodha, watu ambao kikundi kiliwaweka tangu mwanzo kwa sababu mji haukamiliki bila wao. Hao ni nafasi, na mchezaji aliyeishika nafasi akiondoka, kikundi kina haki ya kuijaza bila kumngoja. Mhusika aliyebuniwa na mchezaji mwenyewe, akapewa wazazi, kovu la shavuni na hofu ya maji, hapewi mwingine mpaka mbunifu wake aridhie. Andikeni mapema kwenye kanuni zenu yupi ni yupi. Ugomvi mwingi wa namna hii huzuka kwa sababu suala hilo liliachwa hewani.

Nadhani Shali ni wa aina hii ya pili, na kwamba mbunifu wake ameridhia. Basi mfanyeje? Shauri langu ni moja, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalowashinda wengi: hamisheni jina, akaunti iacheni ilipo. Programu zinazotumiwa kwa tovuti za namna hii, phpBB ikiwa mojawapo, humpa kila aliyejisajili namba, na kila andiko hufungwa kwenye namba hiyo. Jina ni kibandiko kilichopachikwa juu yake. Ukimpa mtu akaunti, umempa namba, na pamoja na namba maandishi yote ya miaka minne, ujumbe wote wa faragha, na hata maonyo aliyowahi kupewa mwenzake. Atakayejiunga nanyi mwakani ataamini kwamba sura zile zote ziliandikwa na huyu mpya. Kwa hiyo msimamizi aingie kwanza katika akaunti ya zamani kwa mamlaka yake, abadilishe jina liwe kwa mfano “Shali wa awali”, kisha aifunge isiandikwe tena huku maandishi yakiendelea kusomeka. Baada ya hapo mchezaji mpya ajisajili kwa anwani yake ya barua pepe na kulichukua jina lililobaki wazi. Utaratibu huo sharti uanze kwa lile la zamani, kwa kuwa programu haikubali akaunti mbili zenye jina moja. Mpya ataanza na idadi ya machapisho sifuri, na najua wapo watakaonung'unika, maana kuna watu wanaoihesabu idadi hiyo kama wazee wanavyohesabu ng'ombe. Wavumilie.

Vikundi vingine vimeulainisha mpango huu zaidi: kila mchezaji ana akaunti moja yake binafsi, na wahusika wake wote ni akaunti ndogo zilizounganishwa nayo. Ujumbe wa faragha huandikwa kwenye akaunti ya mchezaji peke yake. Mhusika akipewa mwingine, hutenganishwa na akaunti ya mchezaji wa zamani na kuunganishwa na ya mpya, na hakuna sanduku la barua linalosafiri naye. Kama mna mtu anayeelewa programu, mpeni kazi hiyo kabla ya mhusika mwingine kuombwa.

Ikiwa hapana budi akaunti yenyewe ihamishwe, labda kwa sababu imekusanya alama au mali za mchezo ambazo haziwezi kuondolewa, basi nywila isitamkwe na yeyote kwa yeyote. Anayeondoka aandike ridhaa yake kutoka kwenye anwani ile ile aliyojisajilia, ahifadhi anachotaka na kufuta ujumbe wake wa faragha. Msimamizi abadilishe anwani ya barua pepe, aitoe akaunti popote ilipobaki wazi, kwenye simu au kwenye kompyuta za saiba za mjini, kisha mpokeaji aombe nywila mpya yeye mwenyewe. Angalieni pia namba ya simu. Akaunti inayotuma tarakimu za uthibitisho kwa laini ya mwenye zamani haijahama hata kidogo, na laini isiyotumiwa kwa muda mrefu hurudishwa sokoni ikauzwa kwa mtu asiyemjua Shali wala bandari yake.

Kuhusu Shali wa sasa, ifungeni akaunti leo. Mpokeaji anaweza kumpata Shali kwa njia niliyoieleza, lakini asimpate kabla aliyeumizwa hajasema kama yuko tayari kuandika naye, kwa kuwa hadithi zao zimefungamana na hakuna kanuni inayoweza kumlazimisha mtu kuandika na asiyemwamini.

*Mhariri mpendwa, kijana wangu wa miaka 15 alinunua kwa shilingi 3,500 mhusika aliyekwisha kupanda daraja katika mchezo mmoja wa kuigiza wa mtandaoni, akamlipa muuzaji kwa M-Pesa kutoka laini yangu. Alipewa jina la akaunti na nywila, akabadilisha nywila siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili akaunti ikamkataa, na muuzaji hashiki simu. Je, niende polisi? – Baba, Kasarani*

Mzee wangu, kijana alibadilisha kufuli akasahau kwamba fundi anayechonga funguo bado ni rafiki wa muuzaji. Anwani ya barua pepe iliyosajiliwa ilibaki ya muuzaji. Alichohitaji ni kubofya pale palipoandikwa kwamba amesahau nywila, akatumiwa njia ya kuweka mpya, na mhusika akarudi kwake akiwa na nguvu alizoongezewa na mwanao kwa wiki mbili.

Polisi unaweza kwenda, na ujumbe wa M-Pesa usiufute, kwa kuwa unaonyesha jina, kiasi, tarehe na saa. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, lakini upande wa mashtaka utalazimika kuonyesha kwamba muuzaji alikusudia kudanganya tangu siku ya kuuza. Ukipata wanunuzi wengine waliotendwa vivyo hivyo na mtu huyo huyo, shauri lako litakuwa na uzito zaidi. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hapa Nairobi ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka iamue katika siku 60. Tatizo ni kwamba kampuni nyingi za michezo hutamka katika masharti yao kuwa akaunti haiuzwi, na mchezaji ana ruhusa ya kuitumia tu, kwa hiyo muuzaji ataweza kudai kwamba mlikuwa mkifanya biashara msiyoruhusiwa. Ukiilalamikia kampuni yenyewe, huenda ikaifunga akaunti na kuwanyima nyote wawili. Kwa shilingi 3,500, mimi ningemwandikia muuzaji ujumbe mmoja wa adabu wenye tarehe ya mwisho ya kurudisha pesa, kisha ningepima kama nauli za kwenda na kurudi Milimani hazitaizidi hasara.

Kuna jambo unalopaswa kulifanya leo hii bila kumngoja muuzaji. Muulize kijana kama aliingiza jina lake kamili, namba yako ya simu, picha yake au shule yake kwenye akaunti ile, kwa maana kila alichokiandika humo sasa kinasomwa na mtu mwingine. Na kama ile nywila mpya aliyoweka anaitumia kwingine, aibadilishe huko kote, kwa tahadhari tu.

*Mhariri, dada yangu alifariki mwezi wa tatu. Alikuwa ameandika kwa miaka sita mhusika aitwaye Bi Zumari, na nimeikuta nywila katika daftari lake. Wenzake wanaomba waendelee na Bi Zumari. Mama hataki mtu aandike kwa jina la mwanawe. Nifanye nini? – Ndugu, South C*

Pole sana, ndugu yangu, na umpe mama pole zetu. Nywila hiyo usimpe mtu, wala usiingie nayo kutafuta ujumbe wa faragha. Humo mna siri za watu walio hai waliomwamini. Mwandikie msimamizi, umwombe aifunge akaunti isiandikwe na maandishi yabaki yakisomeka.

Mama mweleze taratibu kwamba Bi Zumari si jina la dada yako. Inawezekana akaridhia wenzake waendelee kumtaja katika hadithi bila mtu mpya kumwandika: wamsafirishe, wamwozeshe ng'ambo, au waseme duka lake limefungwa na ufunguo umeachwa kwa jirani. Akikataa hata hilo, basi na likubaliwe. Hakimiliki ya alichoandika dada yako hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, nayo huwafikia warithi wake, kwa hiyo neno la familia kuhusu maandishi yake ni neno lenye nguvu, si ombi la hisani.

Ombeni pia nakala ya maandishi yote ya Bi Zumari, na msikawie. Tovuti za vikundi vidogo mara nyingi hulipiwa na mchezaji mmoja, mwaka hadi mwaka, kutoka mfukoni mwake, na siku asipolipa hufungwa pamoja na kila kilichomo. Msimamizi anaweza kuyatoa katika hifadhidata na kuwapa katika faili moja, ambalo mnaweza kulichapisha kwenye duka lolote la uchapishaji la River Road na kumpa mama likiwa limejalidiwa.