Nanuka shombo, na sabuni haisaidii

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Kayole na ni keshia katikati ya jiji. Kwa muda mrefu mwili wangu umekuwa ukitoa harufu ya shombo. Si kila siku, na huzidi siku chache kabla ya hedhi. Naoga asubuhi na jioni, najisugua kwa sabuni ya kipande, lakini nikiingia kwenye matatu watu hufungua madirisha. Dadangu ameniambia wazi kwamba harufu ipo, hata kwenye pumzi. Kwenye kemisti nilipimwa mkojo nikaambiwa hauna shida. Mwaka jana nilipewa Flagyl ya amiba, harufu ikapungua kwa muda, kisha ikarudi. Hii ni nini, na nimwone daktari gani?

JIBU: Dada, umetaja mambo matatu ambayo kwa kawaida daktari huyapata baada ya maswali mengi: ni shombo, inafuatana na hedhi, na ilipungua ulipomeza Flagyl. Hayo yananitosha kuweka kikwapa cha kawaida kando. Kikwapa hutokea bakteria wa ngozi wanapolivunja jasho la kwapani na kinenani, na harufu yake kali hukaa pale pale. Haihamii kwenye pumzi.

Ushahidi wa dadako nauthamini kuliko madirisha ya matatu. Abiria wa Nairobi hufungua dirisha kwa sababu ya joto, moshi au mahindi ya kuchoma ya jirani. Wapo watu wenye hakika kwamba wananuka ilhali hakuna mwingine anayesikia chochote. Nao wanaumwa kweli, ila msaada wao uko kwa daktari wa afya ya akili. Wewe una mtu aliyeisikia harufu hiyo.

Kwa hiyo nina washukiwa wawili. Wa kwanza ndiye wa kawaida zaidi: bakteria wa ukeni kuvurugika. Wale wanaoulinda uke kwa asidi hupungua, wengine huzidi, na harufu ya samaki hujitokeza, hasa baada ya kujamiiana au wakati wa hedhi. Si lazima uwashwe, wala si dalili ya uchafu. Kujiosha kwa ndani huzidisha tatizo. Kipimo chake ni ute unaochukuliwa ukeni kwa kijiti cha pamba, kwa hiyo mkojo ule wa kemisti haukujibu swali hili. Tiba yake mara nyingi ni metronidazole, yaani hiyo hiyo Flagyl.

Wa pili ni adimu, nao ni ugonjwa uitwao trimethilaminuria. Bakteria wa utumbo huivunja kolini, kirutubisho kilichomo kwenye mayai, maini, maharagwe, soya na karanga, wakatoa trimethilamini. Ndiyo inayomfanya samaki aliyechacha anuke. Samaki wa baharini nao wana kitu ambacho tumboni hugeuka kuwa trimethilamini hiyo. Kwa watu wengi, ini huibadilisha ikawa kitu kisichonuka, likitumia kimeng'enya kinachotokana na jeni ya FMO3. Aliyerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na pia kwa mama, ini lake huzidiwa, na trimethilamini hutoka kwa jasho, mkojo na pumzi. Wazazi wenyewe huenda hawanuki kabisa. Kwa wanawake wengi wenye tatizo hili, harufu huzidi kabla ya hedhi na wakati wake.

Sasa ione Flagyl yako. Ingeweza kutuliza bakteria wa ukeni, na pia ingeweza kupunguza wale wa utumboni wanaotengeneza trimethilamini. Nafuu uliyoipata haituambii mshukiwa ni yupi. Pumzi ndiyo inayonielekeza kwa wa pili, kwa kuwa harufu ya ukeni haifiki mdomoni. Hata hivyo fizi mbovu na tonsili hunukisha pumzi pia, kwa hiyo mwone daktari wa meno kabla hujajihukumu.

Anza karibu na nyumbani. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki si mbali nawe. Omba kipimo cha ute, pamoja na damu ya kuangalia ini na figo, kwani viungo hivyo vikidhoofika harufu ya mwili hubadilika. Mtaje daktari virutubisho vyovyote vyenye kolini, lesithini au kanitini unavyomeza. Ute ukiwa safi, omba barua ya rufaa ya kliniki ya ngozi pale Hospitali ya Kenyatta, na ulitamke jina la ugonjwa huu bila woga. Madaktari wengi hawajawahi kumwona mgonjwa wake. Kipimo chake ni cha mkojo, lakini si kile cha kuchovya karatasi. Hulinganisha trimethilamini na ile iliyokwisha kubadilishwa na ini. Mkojo utolewe siku harufu ikiwa imepanda, ukiwa unakula kama kawaida. Maabara nyingi za mtaani hazina kipimo hicho, kwa hiyo uliza kama sampuli inaweza kupelekwa nje ya nchi.

Wakati unasubiri, acha sabuni ya kipande. Ina alkali, na trimethilamini kwenye alkali huruka hewani kwa urahisi. Tafuta sabuni ya kuogea yenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, kati ya 5.5 na 6.5. Kwa mwezi mmoja andika ulichokula, siku za hedhi, na dadako akupe alama ya harufu. Kama hununua mayai boilo pale steji kila jioni, yaandike pia, ila usiyakate yote kwa pupa. Yai moja lina takriban miligramu 150 za kolini, na mwanamke huhitaji karibu 425 kwa siku, zaidi akiwa mjamzito. Mlo wa kupunguza kolini upangwe na mtaalamu wa lishe.

Pumzi ikianza kunuka kama matunda matamu huku una kiu kali, unatapika na unahema, hiyo inaweza kuwa sukari iliyopanda mno. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na kama kuna Flagyl iliyobaki nyumbani, usiimeze kabla ya vipimo. Inaweza kuficha majibu ya vyote viwili.