Dawa za mahabusu hupotea wapi: jibu kwa dada mwenye kaka anayeugua kifafa

Dada uliyeanzisha uzi huu umeeleza kwamba kaka yako alikamatwa Ijumaa, akalala kituo cha polisi hadi Jumatatu, akasomewa mashtaka, akakosa wadhamini, na sasa yuko gereza la mahabusu. Ana kifafa, anameza fenobabitoni kila usiku, na ulipompelekea vidonge hivyo getini ulirudishwa navyo. Wachangiaji kadhaa wamekwambia kwamba askari anataka chai, na mmoja amekushauri uvifiche ndani ya chakula. Nilikuwa tabibu katika zahanati ya gereza la mahabusu, huku Tanzania Bara, hadi nilipostaafu, na nakuomba usiufuate kabisa ushauri huo wa mwisho. Kuhusu chai, siwezi kuapa kwamba hakuna askari wa namna hiyo. Hata hivyo, kwa niliyoyaona kazini, mara nyingi mahabusu hakosi dawa kwa sababu ya mtu mmoja mwovu, bali huzikosa kwenye makabidhiano, pale anapotoka mikononi mwa ofisi moja kwenda nyingine na hakuna karatasi inayomfuata kusema kwamba ni mgonjwa.

Hebu mfuatilie kaka yako tangu Ijumaa. Kituoni hakuna dawa. Mahabusu mgonjwa hutegemea alichokuwa nacho mfukoni au walichomletea ndugu, na vyote huandikwa pale kaunta pamoja na mkanda, simu na pesa. Asubuhi ya kwenda mahakamani vitu hivyo hubaki kituoni au hurudishwa kwa ndugu. Mahakama nayo ikishamnyima mtu dhamana, au akishindwa masharti yake, hutoa hati ya kumpeleka mahabusu, na hati hiyo ina jina lake, kosa analoshtakiwa na tarehe ya kesi kutajwa tena. Ugonjwa haumo. Kwa hiyo gereza linapokea mtu ambaye kwa mujibu wa karatasi alizokuja nazo ni mzima wa afya.

Mapokezi yenyewe ndiyo sehemu ambayo watu wa nje hawaijui. Karandinga huwasili alasiri, wakati mwingine jua likiwa linazama, kwa sababu lazima lisubiri mahakama zote zimalize. Watu hushuka, huchuchumazwa kwa safu, huhesabiwa, hupekuliwa, vitu vyao huandikwa, na yote hayo hufanyika haraka kwa kuwa selo zimekaribia kufungwa. Muda huo zahanati mara nyingi imeshafungwa, na tabibu atawaona wageni kesho yake asubuhi. Hapo nilikuta mtindo wa kusimama mbele ya safu na kuuliza kwa sauti, “Nani ana ugonjwa?” Wenye vidonda na wenye homa waliinua mikono. Mwenye virusi vya Ukimwi hakuinua, na mwenye kifafa vilevile, kwa sababu atalala na watu wale wale usiku huo na anajua watakavyomkwepa wakiamini kwamba povu la mdomoni linaambukiza. Nilipopewa nafasi niliwaita mmoja mmoja pembeni ya dirisha la zahanati, nikauliza kwa sauti ya chini, “Unameza dawa gani kila siku?”, na majibu yakabadilika kabisa. Inawezekana kabisa kwamba kaka yako aliulizwa kwa mtindo ule wa kwanza akanyamaza.

Sasa nieleze kwa nini vidonge vyako vilikataliwa. Fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa, na inaleta usingizi. Ndani ya selo iliyojaa, ambako watu hulala kwa ubavu na kugeuka kwa zamu, kidonge cha usingizi kina bei: hubadilishwa kwa sigara, kwa sabuni, kwa nafasi nzuri ya kulala. Nimewahi kuona mgonjwa wa kifafa akianguka mara mbili katika usiku mmoja ilhali dawa yake imo ndani ya selo ile ile, tumboni mwa mtu mwingine. Askari wa getini anayekataa pakiti ya vidonge isiyo na maandishi, iliyofungwa kwenye karatasi ya kaki, anafanya kazi yake. Kosa lake, kama lipo, ni kwamba anakataa bila kukuelekeza uende wapi.

Dawa hupita kwenye zahanati ya gereza na si kwenye dirisha la chakula. Ukifika, omba kuonana na tabibu au muuguzi wa zahanati, na ukizuiwa, omba kuonana na Mkuu wa Gereza au msaidizi wake. Nenda na kadi ya kliniki yake, cheti cha daktari kinachotaja jina la dawa, miligramu na saa ya kumeza, pamoja na dawa zenyewe zikiwa kwenye pakiti au kopo la duka la dawa lenye lebo. Kama cheti kimepotea, rudi hospitali anakotibiwa uwaombe waandike barua fupi yenye mhuri, kisha itoe nakala, kwa sababu utaihitaji tena mahakamani. Dawa zikipokelewa, uliza ni nani atakayempa na saa ngapi. Swali hilo linaonekana dogo, lakini selo hufungwa mapema jioni, na dozi iliyoandikwa “saa tatu usiku” itapita bila mtu wa kuitoa. Sisi tulizoea kuwapa wagonjwa wa kifafa dozi yao dirishani kabla ya kufungwa, wakameza mbele yetu na kufungua kinywa tukaona. Ni afadhali dozi ya saa kumi na moja jioni kila siku kuliko ya saa tatu ambayo haimfikii.

Utakapozungumza, usiseme tu kwamba kaka ni mgonjwa, kwa sababu kila ndugu anayefika pale husema hivyo. Sema kwamba ana kifafa, anatumia fenobabitoni ya kiasi fulani, hajaimeza tangu usiku wa Ijumaa, na kwamba dawa hiyo ikikatizwa ghafla inaweza kuleta degedege mfululizo lisilokoma, ambalo huua. Hayo ni maelezo ambayo mtu hawezi kuyasikia kisha akakwambia urudi siku ya kutembelea. Degedege la usiku gerezani ni tatizo zito kuliko la nyumbani: wenzake wagonge mlango, askari wa zamu asikie, mwenye mamlaka ya kufungua selo usiku aitwe, gari litafutwe. Pia, kama utapata nafasi ya kuzungumza na kaka yako, mwambie amweleze nyapara wa selo yake, yaani kiongozi wa mahabusu wenzake, asubuhi na mapema, ili siku akianguka alazwe ubavu na asitiwe kijiko mdomoni.

Njia ya pili ni mahakama, na naona watu wengi hawaitumii. Kesi za mahabusu hutajwa kila baada ya wiki mbili hivi, na mshtakiwa ana nafasi ya kunyanyua mkono na kumwambia hakimu kwamba yeye ni mgonjwa na hajapata dawa. Hakimu kwa kawaida huagiza apatiwe matibabu. Agizo hilo likiandikwa kwenye jalada peke yake litabaki kwenye kabati la mahakama, kwa hiyo kaka yako, au wakili kama yupo, aombe liandikwe pia kwenye hati inayomrudisha mahabusu, maana hiyo ndiyo karatasi inayopanda karandinga pamoja naye. Nilipoona hati yenye mstari wa hakimu kuhusu matibabu, nilikuwa na kitu cha kumwonyesha mkuu wangu nilipoomba gari. Kama hamna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu mahabusu na wafungwa pia, na wasaidizi wa kisheria huingia magerezani. Ugonjwa peke yake hauwezi kuligeuza kosa lisilo na dhamana kuwa lenye dhamana, kwa hiyo msitumie siku hiyo yote kubishania dhamana mkasahau dawa.

Kaka mmoja hapo juu ameuliza kuhusu ndugu yake anayetumia ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, akihofia siri. Hapa karatasi ni rafiki mkubwa zaidi, kwa sababu mgonjwa wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ana kadi yake mkononi na faili lake limebaki kliniki, na vyote vina namba moja. Nenda CTC anakochukulia dawa, waeleze alipo, uombe barua ya uhamisho au ya utambulisho, uifunge kwenye bahasha na kuikabidhi kwa mtu wa zahanati peke yake. Askari wa getini hahitaji kujua kilichomo, na Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema wazi kwamba taarifa za afya za mfungwa ni za siri. Dawa yenyewe hutolewa bure, hivyo mara nyingi kinachokosekana ni namba ya kadi, si kidonge. Mgonjwa wa kifua kikuu naye apelekewe kadi yake ya matibabu, kwa kuwa matibabu ya kawaida ya miezi 6 yakikatwa katikati yanahatarisha selo nzima.

Kisukari kina ugumu wake. Insulini inahitaji ubaridi na inahitaji chakula, na chakula cha gereza hakifuati saa ya sindano. Mtu akidungwa dozi yake ya nyumbani kisha ugali ukachelewa, sukari hushuka, anatetemeka, anapoteza fahamu, na wasiojua hudhani amelewa. Kwa huyo, daktari wa nje aombwe kuandika upya dozi kwa kuzingatia saa za kula za gerezani. Mahabusu bado hajatiwa hatiani, na Kanuni ya 118 kati ya hizo za Mandela inasema aruhusiwe kuonwa na daktari wake mwenyewe kwa gharama zake, iwapo kuna sababu ya msingi. Kanuni hizi si mkataba, lakini mkuu wa gereza aliyepitia mafunzo anazijua, na kumtajia kwa adabu hakudhuru.

Kuna jambo moja ambalo hata tabibu mwenye nia njema hulishindwa, nalo ni rufaa ya kwenda hospitali. Mimi ninaweza kuandika kwamba mgonjwa aende hospitali ya wilaya leo, lakini kwenda kunahitaji askari wa kumsindikiza, gari na mafuta, na siku ambayo askari wengi wako mahakamani rufaa yangu hukaa mezani. Kanuni ya 27 inasema uamuzi wa kitabibu usitenguliwe na mtu asiye wa afya. Kwa kweli ni mara chache mtu aliutengua uamuzi wangu. Uliahirishwa tu, hadi kesho, hadi Jumatatu. Kama kaka yako ameandikiwa rufaa na haendi, uliza iliandikwa tarehe gani, kisha andika barua kwa Mkuu wa Gereza ukiitaja tarehe hiyo, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Isipojibiwa, ngazi inayofuata ni Mkuu wa Magereza wa Mkoa, na sambamba naye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina mamlaka ya kuingia magerezani na kukagua. Barua yenye tarehe huogopwa kuliko kelele za getini. Walioko Zanzibar wajue kwamba kule wafungwa wako chini ya Chuo cha Mafunzo, hivyo ngazi za uongozi si hizi nilizozitaja.

Mwisho, uwe tayari kwa siku ya kuachiwa, maana hayo nayo ni makabidhiano. Dhamana ikikamilika, au kesi ikifutwa, kaka yako anaweza kutokea mlango wa mahakama moja kwa moja kuja nyumbani, ilhali vidonge vyake, kadi yake ya kliniki na kumbukumbu za dozi alizomeza viko zahanati ya gereza. Jioni hiyo hiyo atahitaji kumeza dawa, kwa hiyo weka akiba ya dozi za siku chache nyumbani kuanzia sasa. Kesho yake nendeni wote wawili gerezani na kitambulisho, mwombe kadi irudishwe na tabibu aandike dozi aliyokuwa akipewa na tarehe ya mwisho aliyoanguka, mkiwa njiani kuelekea kliniki.