Kupima matumizi ya zahanati: daftari pekee halitoshi

Ndugu uliyeuliza kama idadi ya wagonjwa walioandikwa daftarini inatosha kuionyesha kamati ya zahanati kwamba wanakijiji wanaitumia, jibu langu ni kwamba haitoshi, nami nasema hivyo kwa yale niliyoyaona nikisaidia kazi ya takwimu za afya upande wa Pate, kaunti ya Lamu.

Daftari huhesabu mahudhurio, si watu. Mzee wa presha anayerudi kila mwezi huonekana humo mara 12 kwa mwaka, ilhali jirani yake asiyewahi kufika haonekani kabisa. Tenganisheni basi wanaokuja kwa mara ya kwanza na wanaorudia, na mhakikishe jina la kijiji linaandikwa, kwani wapo wanaojaza jina la kisiwa kizima wakaona wamemaliza kazi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni chanjo ya Penta, yaani ile ya kukinga magonjwa matano kwa sindano moja, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kutoka kwa idadi ya waliopata ya kwanza toeni ya waliopata ya tatu, mgawanye tofauti hiyo kwa waliopata ya kwanza, kisha mzidishe kwa 100. Ikizidi asilimia 10, wazazi wanaifikia zahanati ila kuna jambo linalowazuia kurudi. Ikiwa hata ya kwanza wameipata wachache, kizuizi kiko mapema zaidi, pengine umbali au nauli ya boti.

Penye utata hasa ni idadi ya watu wa eneo la zahanati, ambayo mnaigawanyia hesabu ya waliohudumiwa ili mpate asilimia. Makadirio hutokana na sensa ya 2019, iliyohesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, lakini mwanamke mwenye mimba ya kwanza huenda akarudi kwa mamake kujifungua, na wavuvi nao huenda dago, yaani kambi za muda za uvuvi mbali na kwao. Ndiyo maana zahanati moja huweza kuonyesha zaidi ya asilimia 100 na ya jirani ikaonekana haina watu. Wahudumu wa afya ya jamii wapite nyumba kwa nyumba, waombe kijitabu cha mama na mtoto, wasome tarehe na mahali kila chanjo ilipotolewa. Nimekuta nyumba ambamo watoto wote wamekamilisha chanjo, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa katika zahanati iliyo karibu nao.

Sababu niliielewa baadaye. Chupa ya chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, yenye dozi 20, ikishafunguliwa, haitumiki baada ya saa 6, kwa hiyo muuguzi huona tabu kuifungua kwa ajili ya mtoto mmoja, naye mama huambiwa arudi siku nyingine, akaishia kumpeleka mtoto kwingine. Mama huyo amekuja, na daftari halimjui. Kamati iweke daftari dogo mlangoni la kuandika kila anayeondoka bila huduma na sababu yake, na hesabu za miezi ya kusi, bahari inapochafuka, zilinganishwe na za kusi ya mwaka uliotangulia, si za kaskazi.